Fungu Letu Lilikuwa Mapafu

Siku walipokuja kumposa mdogo wangu wa kike, niliamka nikiwa tayari nimechoka. Nilikuwa nimeshona wiki nzima, Jumamosi pia, na asubuhi hiyo badala ya kwenda kanisani nilibaki kusugua sakafu ya sebule ambayo si yetu peke yetu. Nyumba tunayokaa hapa Bellevue, mtaa wa Johannesburg, ilijengwa zamani kwa ajili ya familia moja ya Wazungu. Sasa kila chumba kina familia yake, na hata veranda imezibwa kwa mbao na watu wanaishi humo. Sebule na jiko ni vya wote. Ukiwa na wageni wa heshima unawaomba majirani wakuachie sebule, nao wanajifungia vyumbani mwao na kusikiliza kila kitu kupitia ukuta.

Sisi tuko watatu. Mimi ndiye mkubwa. Anayenifuata ni wa kiume, anafunga matairi kwenye gereji karibu na mjini. Wa mwisho ndiye huyo aliyekuwa anaposwa. Mama alitutoka njiani tukitoka Kongo, na baba tulimzika hapa Johannesburg. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza sekondari. Niliacha shule nikaenda kushona, kwa sababu cherehani ndicho kitu mama alichokuwa amenifundisha vizuri, na tangu hapo sijaondoka kwenye kiti kile. Sisemi hivi ili nihurumiwe. Mkubwa ni mkubwa. Kwetu wadogo hawakuiti kwa jina, wanakuita yaya, na ukiitwa yaya kwa miaka mingi, jina lako lenyewe ukilisikia unageuka kutazama anaitwa nani.

Kijana aliyemtaka mdogo wangu nilimpenda. Anatengeneza simu kwenye kibanda mjini, hanywi, na akisema atafika saa tisa anafika saa tisa, jambo ambalo kwa watu wetu ni karibu na muujiza. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, akaletwa huku akiwa mdogo na baba yake mkubwa. Kijiji cha baba yake alikijua kwa jina. Ukoo hakuujua, wala mdogo wangu hakumwuliza. Nyumbani mambo hayo huulizwa na mashangazi, na wao huuliza mapema, kabla vijana hawajazoeana. Sisi hapa hatuna shangazi hata mmoja, nami sikufikiri kushika nafasi hiyo pia. Nilikuwa nimeshika nafasi nyingine nyingi.

Aliyekuja kuposa ni huyo baba mkubwa, pamoja na wanaume wawili wa kanisani kwao. Lazima nimweleze kwa heshima, maana anaistahili. Kazi yake ni ulinzi wa geti kwenye mtaa mmoja wa matajiri kaskazini ya mji, mtaa uliozungushiwa ukuta. Anainua kizuizi magari yaingie, anakishusha, anaandika namba, anasema ndiyo bosi. Kwa kazi hiyo amelea watoto wake na wa marehemu ndugu yake. Jumapili akivaa suti na kofia yake ya kijivu, watu wote waliotoka upande wetu wa ziwa kule Kongo husimama akipita. Baba yetu alipofariki, yeye ndiye aliyezunguka kwa watu hadi jeneza likapatikana, na ndiye aliyesimama makaburini kusema maneno ambayo mimi sikuweza kuyasema. Siku ile hakuna aliyemwuliza mwenzake ukoo. Ilitosha kwamba tumetoka ziwa moja.

Kwetu anayekuja kuomba mke havai kofia mbele ya anaowaomba, na haketi mpaka aambiwe. Mzee alifanya kama inavyotakiwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, wenzake nyuma yake, na kijana nyuma kabisa akitazama viatu vyake. Nikawaambia karibuni mketi. Wakaketi. Mzee akatafuta kwa macho mwanaume wa kuzungumza naye, akamwona mdogo wangu wa kiume.

"Mwanangu, ni wewe tutakayezungumza naye?"

Mdogo wangu amekulia hapa, Kiswahili anakielewa chote lakini kikitoka mdomoni mwake kinachechemea. "Hapana, papa," akasema, maana kwetu baba huitwa papa. "Papa wa hapa ni yeye." Akanionyesha kwa kidevu.

Watu walicheka, hata mzee. Nyuma ya ukuta pia nilisikia mtu akicheka. Soda zikafunguliwa, nikafikiri labda siku itapita vizuri.

Kabla ya neno lolote la mahari kila upande hutaja wazee wake, ili ijulikane damu hazijakutana nyuma. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata wawe hawajawahi kuonana. Nikaanza kama nilivyofundishwa. Nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikataja kilima na mto, mwisho nikataja ukoo. Jina la ukoo huo sitaliandika hapa. Wenye nalo ni wengi na hawajanipa ruhusa.

Mzee aliweka glasi chini. "Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Huo ni ukoo wetu sisi," akasema mzee. "Kijiji anachokitaja huyu kijana tulihamia tu. Asili yetu ni kilima hicho hicho."

Mmoja wa wale wanaume akasonya. Akasema basi habari imekwisha, hawa ni kaka na dada, afadhali imejulikana mapema. Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sinia mkononi. Hakulia. Alimtazama tu kijana, na kijana akanitazama mimi, maana wote wawili wamezoea kwamba jambo likiharibika mimi ndiye ninayelishughulikia.

Lakini mzee aliinua mkono mwenzake anyamaze. Alikuwa ananitazama kwa makini. Kisha akaniuliza, taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa:

"Wakichinja ng'ombe wa ukoo, kwenu palikuwa panaletwa nini?"

Vijana walidhani mzee amebadilisha mazungumzo. Mimi nilijua hajabadilisha.

Nyama ya ukoo haigawanywi ovyo. Kidari kina wenyewe, ini lina wenyewe, mbavu za upande huu na za upande ule zina nyumba zake, na mtoto akitumwa na nyama anajua ampelekee nani bila kuambiwa. Kwetu yaliletwa mapafu. Nilipokuwa mdogo niliamini tunapewa kwa sababu tunayapenda. Mama aliyachemsha kwa muda mrefu, nayo yalielea juu ya maji hata ukiyakandamiza kwa mwiko. Siku moja nilimwuliza kwa nini hatupati ini. Akaniambia nile.

Baba ndiye aliyenieleza, hapa hapa Johannesburg, akiwa kitandani. Babu wa babu yake hakuzaliwa kando ya ziwa. Alifika amefungwa, katika msafara wa watu waliokuwa wakipelekwa pwani kuuzwa. Mguu wake ulikuwa umeoza mahali pa kamba, na wenye msafara hawakutaka kumpa nafasi kwenye mtumbwi. Mkubwa wa kijiji akamchukua kwa chumvi na kipande cha kitambaa. Wenzake walivushwa ziwa. Walikoishia baba hakujua, wala hakuna mtu wa kumwuliza. Mashambani, visiwani, chini ya bahari. Huyu wetu alipona, akachechemea maisha yake yote, akalimia watu, akapewa mke aliyefika kwa njia kama yake. Watoto wao wakaitwa kwa ukoo wa aliyemnunua, lakini nyama ikigawanywa waliletewa mapafu, fungu la walionunuliwa. Hata Kiswahili hiki tunachosemeshana hapa Bellevue, Mkongo na Mrundi na Mtanzania, kwetu kilifika na misafara hiyo hiyo. Baba aliniambia: ukiulizwa, taja ukoo ule, ndio uliotulisha. Sikumwuliza zaidi. Alikuwa anakohoa sana.

Basi swali la mzee lilikuwa na majibu mawili. Nikisema ini, au mbavu, au chochote cha wenyewe, sisi ni damu moja nao na ndoa imekufa. Nikisema mapafu, ndoa inaweza kupona, lakini mdogo wangu ataingia katika nyumba ile akiwa mjukuu wa mtu aliyenunuliwa na nyumba ile.

Nikasema sikumbuki, nilikuwa mdogo.

"Utakumbuka," mzee akasema, wala hakusema kwa ubaya. Akaomba tukutane tena Jumapili inayofuata. Walipoondoka soda zilikuwa hazijafika nusu, na mdogo wangu wa kiume akazimaliza moja baada ya nyingine.

Jioni tukiwa jikoni mdogo wangu wa kike aliniuliza habari ya nyama ni nini. Nikamweleza yote, nikimenya viazi ili nisimtazame. Aliokota maganda mpaka viazi vikaisha.

"Sisi?" akasema mwishowe. "Shuleni walitufundisha utumwa ni meli. Ni Amerika, na huko rasi ya Cape zamani. Hakuna aliyesema ni babu yetu."

Nikamwambia hata mimi shuleni hawakuniambia.

"Yaya, kwenye teksi hapa naitwa kwerekwere, mgeni wa kufukuzwa. Nikifungua mdomo tu nimeshajulikana. Sasa nyumbani nako nina jina?"

Akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Halafu akasema lile nililokuwa naliogopa. Akasema nimwambie mzee ni mapafu, yaishe. Waliofungwa walishakufa na waliowafunga walishakufa, na yeye yuko hai na anataka kuolewa. Aliposema hivyo alikuwa na sauti ya mama kabisa.

Katikati ya wiki kijana akanifuata kazini. Karakana tunayoshonea iko ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani mjini. Juu yetu kuna kanisa, na siku za mazoezi ya kwaya dari inatetemeka. Tunashona sare za wafanyakazi wa nyumbani. Ni gauni, aproni na kitambaa cha kichwa, vyote vya kitambaa kimoja, vya bluu au waridi au kijani. Kila ninapopanda teksi kwenda upande wa kaskazini naziona zikitembeza mbwa wa watu.

Kijana alikuwa anang'aa. Alisema papa mkubwa amemweleza maana ya swali lile, na amekubali. Kama ni mapafu, basi hakuna kizuizi cha damu, vijana wanaweza kuoana kabla ya baridi. Tena mambo yatakuwa mepesi. Hakuna haja ya vikao virefu, kwa sababu sisi ni watoto wa nyumba. Papa mkubwa mwenyewe atasimama kama baba kwa pande zote mbili, yeye atampokea bibi harusi na yeye atamtoa.

"Kwa hiyo wewe, yaya, pumzika tu sasa," akasema. "Umechoka sana."

Alisema kwa upendo. Nami nilikuwa nimechoka kweli, na kwa muda mfupi nilitamani kuyachukua maneno yale na kulala juu yake. Mtu mwingine asimame mbele. Mtu mwingine azungumze. Nilimpa kiti, nikamwambia nimesikia, nikaendelea kushona pindo.

Ila nilijua maana yake. Kwetu binti wa nyumba haombwi. Anahamishwa kutoka chumba hiki hadi kile, na anayemhamisha hana wa kumwomba ruhusa. Ndivyo bibi zetu walivyoolewa. Na mimi niliyewalea hawa wawili kwa mguu huu wa cherehani ningeketi kwenye harusi kama mgeni aliyealikwa.

Siku iliyofuata aliingia mama mmoja wa Kizungu pamoja na mfanyakazi wake, mwanamke aliyenizidi umri, mwenye mvi pembeni mwa kitambaa. Huyo mama alitaka sare mbili mpya za mfanyakazi wake. Mfanyakazi alisimama na mikono ameitanua nikimpima, na kila nilipouliza jambo, mwenye kujibu alikuwa yule mama. Afadhali iwe pana kiunoni. Afadhali iwe waridi, inampendeza. Aliniambia kwa furaha kwamba wameishi naye tangu watoto wakiwa wachanga, na kwamba kwao si mfanyakazi, ni mtu wa familia. Naamini hakusema uongo. Mwanamke yule alitazama ukutani. Simu ya mama ikalia, akatoka kwenye ngazi kuizungumza, na hapo hapo mfanyakazi akaniambia kwa Kizulu, haraka, nimwekee mfuko wa ndani wenye kifungo, mrefu, usioonekana kwa nje.

"Mfuko wangu," akasema. "Si wa aproni. Wangu."

Nikamwekea. Niliushona mara mbili kuuzunguka.

Yule mama wa Kizungu hakuwa mtu mbaya, na ndilo lililonichosha zaidi. Mtu mbaya unamjibu. Mtu mwema aliyekupangia kila kitu, utaanzia wapi? Nilirudi nyumbani siku ile kwa miguu badala ya teksi, nikapita katikati ya wauza nyanya na wauza soksi, nikimfikiria mzee wetu. Naye alikuwa mwema. Alituzikia baba.

Mdogo wangu wa kiume alinikuta nimekaa sebuleni peke yangu. Akaniuliza, kwa mchanganyiko wake wa lugha, kwa nini sura yangu iko vile na mambo yamekubaliwa. Nilimweleza alivyosema kijana.

"Eish, yaya. Sasa wewe unataka nini hasa?"

"Nataka aombwe."

"Basi? Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akakuna kichwa. Akasema kwa jinsi anavyomfahamu mzee, hiyo tu ndiyo kubwa.

Jumapili mzee alikuja mapema. Aliingia na kofia kichwani, akavuta kiti nilichokalia wiki iliyopita, akaketi. Wenzake nao wakaketi. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na uchangamfu wa mtu aliyekuja kwake. Aliuliza habari za mgongo wangu. Kisha akaanza kugawa kazi: kanisa litakuwa lipi, ukumbi uombwe wapi, akina mama gani wapike. Mdogo wangu wa kike aliketi kwenye kigoda karibu na jiko, na nilimwona anavyohesabu kimoyomoyo siku za kushona gauni. Kijana alikuwa anatabasamu. Nilimwacha mzee mpaka akamaliza.

Nikasema, "Papa, umeniambia nitakumbuka. Nimekumbuka. Yalikuwa mapafu."

Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama daktari.

"Babu yetu alinunuliwa na babu yenu," nikaendelea. "Kwa hiyo hatuna damu moja na hawa wanaweza kuoana. Lakini aliyenunuliwa ni yule. Huyu hakununuliwa na mtu. Huyu nimemlea mimi. Anayemtaka ataniomba mimi, kama binti yeyote anavyoombwa."

Mzee hakukasirika. Nadhani ningependa angekasirika. Alishusha macho kwenye magoti yake akawa mzee zaidi ya alivyoingia.

"Nilimzika baba yako," akasema.

"Ulimzika, papa. Mungu akulipe. Siku ile hukuniuliza tulikuwa tunakula nini."

"Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nakuheshimu."

"Najua."

Akavuta pumzi. Alipozungumza tena hakuwa anazungumza na sisi wote, alikuwa ananiambia mimi. Akasema kule getini kuna mtoto wa Kizungu, hata ndevu hajaota, anamwita boy. Anamwita boy na yeye anasema ndiyo bosi, kwa sababu kibanda kile cha getini ndicho kinacholisha watu. Siku sita anavaa kofia ya kampuni na anaivua kila gari linapopita.

"Jumapili ndiyo siku yangu mimi," akasema. "Unataka nivue kofia hata Jumapili, mbele ya..."

Neno hakulimaliza. Sote tulilisikia. Yeye mwenyewe alilisikia, akafunga mdomo, akafuta uso kwa leso.

"Kwa nusu saa tu, papa," nikamwambia.

Sikumharakisha. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo nayo ilikuwa mzigo mwingine wa kubeba. Mwishowe akasimama. Akasema hatalaani mtu. Kijana ni mtu mzima, akitaka kuoa aoe, lakini yeye kuomba hapa hawezi. Akifa akamkuta baba yake, atamwambia nini? Akanipa mkono. Akampa mkono mdogo wangu wa kike pia, akaushika kwa muda. Kisha wakatoka, na kijana akatoka nao, kwa kuwa mkubwa haachwi aondoke peke yake. Unamsindikiza, angalau mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona.

Mdogo wangu akaenda dirishani.

"Asiporudi," akasema bila kugeuka, "sitakusamehe, yaya. Nakuambia ukweli."

Nikamwambia najua. Nilitaka kumwambia zaidi. Nilitaka kumwambia kwamba simfanyii haya ili nimshinde mtu, kwamba siku moja atagombana na mumewe kama watu wote wanavyogombana, na siku hiyo nataka nyumba ile isiwe na neno lile la kumtupia. Lakini nilikuwa nimekwisha sema mengi kuliko kawaida yangu. Nilikusanya glasi. Mdogo wangu wa kiume alitoka nje akarudi, akatoka tena. Kutoka dirishani robot inaonekana nusu tu, ile taa ya juu. Ikawa nyekundu, ikawa kijani, ikawa nyekundu. Watu wakavuka na mifuko ya Jumapili.

Alirudi. Kijana alikuwa peke yake na alikuwa ametokwa na jasho. Hakuketi. Alisimama katikati ya sebule, akatafuta mahali pa kuweka mikono, akaanza kwa Kiswahili chake cha kibandani kusema kwamba amekuja kumwomba yaya ampe...

"Bro," mdogo wangu wa kiume akamkatiza, "huwezi kujiombea. Umeona wapi?"

Kijana akanigeukia. Alisema hana mtu mwingine. Wale wawili wa kanisani wamekwenda na papa mkubwa, mama yake yuko mbali, simu yake haipatikani. Macho yalikuwa mekundu. Mdogo wangu wa kike akaniambia kwa sauti ya chini, yaya, inatosha jamani, amerudi.

Ilikuwa inatosha. Yeyote angesema inatosha. Lakini mtu ambaye babu yake alitolewa kwa chumvi haombwi kwa haraka kwa sababu waombaji wamepungua.

"Tafuta mtu," nikamwambia kijana. "Nitangoja."

Akatoka kwenye korido. Tukamsikia akibisha chumba cha kwanza, hakuna mtu. Akabisha cha pili, wakamwambia baba yuko kazini. Kisha akafika kwenye veranda. Kule kunakaa Mrundi mmoja na mkewe, watu wapole, wanauza viatu vya mitumba sokoni Newtown. Tulisikia sauti ya kijana ikieleza kwa muda mrefu, na sauti ya Mrundi ikiuliza, mimi? Halafu mke wake akasema kitu kwa Kirundi, kwa ukali. Kabati likafunguliwa. Kiatu kikaanguka, kikatafutwa. Mdogo wangu wa kiume aliziba mdomo asicheke.

Nilirudi kwenye kiti changu, nikanyoosha kitambaa magotini, nikangoja.

Walibisha kwenye mlango ambao haujawahi kufungwa. Mrundi alikuwa amevaa shati jeupe ambalo pasi haikuwa imefika kwenye mikono, kichwa wazi, na mke wake nyuma yake amejifunga kitenge kizuri. Kijana nyuma yao. Wote walibaki wamesimama. Ilikuwa imekwisha pita mchana, na mgongo wangu ulikuwa unauma, na mtu huyu nilikuwa nimeosha naye vyombo kwenye sinki moja asubuhi ile ile.

"Karibuni," nikasema. "Ketini. Mmetoka wapi?"

Akasema wametoka mbali kidogo. Akakohoa. Akasema wameona ua zuri katika nyumba hii na wana kijana wao asiyelala. Akasema kwao hawaulizi mambo ya nyuma sana, wanaomba tu binti, tena kwa unyenyekevu.

Nikamshukuru. Nikamwambia kwetu tunaanza kwa kutaja wazee, naomba avumilie. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameacha dirisha, amekuja kusimama nyuma ya kiti changu. Nikamtaja baba. Nikamtaja babu, na baba yake babu, na babu yake babu. Safari hii ukoo sikuutaja.

"Na huyo," nikasema, "alizaliwa na mtu aliyeletwa ziwani amefungwa kamba mguuni. Jina lake hatulijui. Alikotoka hatukujui. Hapo ndipo tulipoanzia."

Mrundi hakujua jibu lake ni nini. Akamtazama mke wake.

"Sema tumesikia," mke akamnong'oneza.

"Tumesikia," akasema.

Nikasema vizuri, sasa tuendelee.